Anayesoma siasa chuoni anamsomea nani?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa na dirisha la udahili likafunguliwa, nyumba nyingi nchini Tanzania hugeuka baraza. Kijana aliyesoma mchepuo wa HGL au HGK anapanga machaguo yake, mjomba anapiga simu kutoka Mwanza kutoa ushauri, mama anauliza ada ni kiasi gani. Ikitajwa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, kozi ambayo wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaiita PSPA, swali linalofuata ni lile lile: "Siasa? Kwani unataka ubunge?" Kijana akisema hapana, anaulizwa la pili: "Sasa hiyo kazi utaipata wapi?"

Maswali hayo ni ya haki kabisa. Anayeyauliza ndiye atakayeuza mahindi au kukopa kwenye kikoba ili mtoto afike chuoni. Anastahili jibu lililonyooka, na mara nyingi halipati. Ataambiwa kuwa shahada hiyo inafungua milango mingi. Ataambiwa kuwa wapo wakuu wa wilaya na mabalozi waliotokea huko. Ni kweli, lakini hakuna kati ya hayo linaloeleza kwa nini taifa zima litumie fedha zake, kupitia ruzuku ya vyuo na Bodi ya Mikopo, kumsomesha mtu siasa kwa miaka mitatu.

Naamini kusoma siasa chuo kikuu kuna lengo moja linaloyabeba mengine yote: kuipatia jamii watu wanaoweza kuyasoma madaraka. Watu wanaojua madaraka yanatoka wapi, yanafanya kazi kwa njia zipi, yanamnufaisha nani na yanadaiwa nini. Kisha wawe na uwezo wa kuyaeleza hayo kwa wanaotawaliwa, ili waamue wenyewe. Msomi wa siasa anawasomea wanaotawaliwa. Kazi, cheo na hata ubunge vinaweza kufuata, na hakuna ubaya vikifuata. Lakini lengo hilo likikosekana, umma umelipia shahada ambayo haijaurudishia chochote.

Shule za watawala

Lengo hili halikuzaliwa pamoja na somo lenyewe. Aristotle na wanafunzi wake wanasimuliwa kuwa walikusanya habari za katiba 158 za miji ya Wagiriki na jirani zao, wakazilinganisha ili wajue kwa nini dola moja hudumu na nyingine huanguka. Huo ndio mwanzo mzuri wa elimu hii: kukusanya, kulinganisha, kuuliza sababu. Lakini siasa ilipofanywa somo la vyuo katika enzi zetu, karibu kila mahali ilianzishwa kwa shida za watawala. Ufaransa ilipigwa na Prussia katika vita vya 1870 na 1871, na mwaka 1872 Émile Boutmy akafungua shule ya sayansi ya siasa jijini Paris ili taifa lipate viongozi walioelimika kuliko wale waliolipeleka kwenye fedheha. Mwaka 1920, vita kuu ya kwanza ikiwa imekwisha juzi tu, Oxford ilianzisha shahada inayounganisha falsafa, siasa na uchumi. Shahada hiyo imewapitisha mawaziri wakuu wa Uingereza akina Harold Wilson, Edward Heath, David Cameron, Liz Truss na Rishi Sunak.

Nasi tulianzia huko huko. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, chama kilichopigania Uhuru, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka huo huo TANU ikafungua Chuo cha Kivukoni kwa ajili ya kuandaa viongozi. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amepata shahada yake Edinburgh mwaka 1952, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa mwanzo kabisa kufika hatua hiyo. Waingereza walikuwa wanafunga mizigo na viti vyao vilihitaji watu. Kwa wakati ule, kumfundisha kijana namna dola inavyoendeshwa ili akaiendeshe lilikuwa jambo la lazima, na waliolisimamia wanastahili heshima yetu.

Hata hivyo, elimu inayolenga viti tu ina kasoro ya asili. Humzoesha mwanafunzi kuitazama nchi kutokea ofisini. Mkulima, mvuvi na mama lishe wanaonekana kwake kama watu wa kuhamasishwa, kuelekezwa na kuhesabiwa. Haimfundishi kujiuliza wao wanaionaje ofisi hiyo.

Maandamano mawili

Anayetaka kuona elimu ya siasa inaweza kumbadilisha vipi mwanafunzi alinganishe siku mbili za historia ya Mlimani.

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo hicho na wenzao wa taasisi nyingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka wahitimu watumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kuwa enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vijana wale hawakuwa wabaya. Walifundishwa kuwa wao ni watawala watarajiwa, nao wakatetea maslahi ya watawala watarajiwa.

Machi 1978, wanafunzi wa chuo hicho hicho walishuka tena kutoka Mlimani. Safari hii walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakisema haiendani na ujamaa ambao viongozi hao walikuwa wanauhubiri. Nao walifukuzwa kwa mamia.

Kati ya siku hizo mbili mengi yalitokea. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na sera ya Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi uliofuata. Chuo kikaitisha mkutano kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa, na masomo ya maendeleo yakawa ya lazima kwa wanafunzi wa fani zote. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyodidimiza maendeleo ya Afrika kikatolewa Dar es Salaam na London. Yoweri Museveni, akiwa mwanafunzi, aliongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi. Gazeti lao la Cheche lilichapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka yaliyokuwa yanaota ndani ya ujamaa wenyewe, na mwaka 1970 likapigwa marufuku. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, alifukuzwa baada ya kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kuhusu jinsi chuo chenyewe kilivyokuwa kinatawaliwa.

Sidai kwamba mhadhara fulani ulizaa maandamano fulani. Nadai jambo jepesi zaidi kulithibitisha. Huwezi kuwalea vijana kwa miaka 10 ukiwauliza jasho la mkulima linaishia mfukoni mwa nani, halafu ukashangaa wakilirudia swali hilo siku viongozi wanapojiongezea posho. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kwa ajili ya mishahara yao. Mwaka 1978 waliandamana kwa ajili ya fedha za watu wengine. Elimu ilikuwa imefanya kazi yake, ingawa dola iliyoilipia haikufurahi.

Wala haikuwa hapa tu. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyeongoza Idara ya Sayansi ya Siasa ya Chuo Kikuu cha Makerere, aliondoka Uganda mwaka 1973, enzi za Idi Amin. Nchini Kenya, mwaka 1982, serikali iliwaweka kizuizini wahadhiri kadhaa, miongoni mwao Willy Mutunga aliyefundisha sheria na Alamin Mazrui aliyefundisha lugha. Mutunga alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, chini ya Katiba mpya. Watu hao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na wanafunzi waliojifunza kuuliza.

Somo la Operesheni Vijiji

Wapo watakaosema: hayo ni ya kupendeza kwa nchi zilizoshiba. Nchi maskini inahitaji wahandisi, madaktari na mabwana shamba, na siasa itasomwa baadaye. Hoja hii inaaminiwa na watu wengi wenye nia njema. Mimi naijibu kwa historia yetu.

Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali ilivunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi, na mamlaka yakahamia kwa maofisa walioteuliwa. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia. Kampeni hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Mwaka huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mamilioni ya watu walihamishwa, na sehemu nyingine nyumba zao zilichomwa moto ili wasirudi. Wako waliopelekwa mbali na mashamba yao, mbali na maji, kwenye ardhi ambayo hawakuijua tabia yake, wakati mwingine msimu wa kupanda ukiwa umefika.

Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji haviwezi kumfikia mtu mmoja mmoja porini. Wapimaji wa kuchora vijiji walikuwapo. Mabwana shamba waliojua nafasi kati ya shina na shina la mhindi walikuwapo. Kilichokosekana ni elimu ya aina nyingine kabisa. Nani anaamua? Anayeamriwa anasemea wapi? Taarifa mbaya inapandaje kutoka kijijini hadi Ikulu, ikiwa kila aliye katikati anaogopa kuipeleka? Halmashauri ilikuwa imevunjwa, ushirika ukavunjwa, chama kilikuwa kimoja, na ofisa wa wilaya alipimwa kwa idadi ya watu aliowahamisha. Njia za sauti ya mkulima ziliziba moja baada ya nyingine. Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri kuwa kuvunja serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982.

Huu ndio uwanja wa sayansi ya siasa. Goran Hyden, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, aliandika kitabu mwaka 1980 akieleza jinsi mkulima wetu alivyoweza kuikwepa dola kwa sababu alikuwa na ardhi na ndugu wa kumtegemea. Mwaka 1998 James Scott wa Chuo Kikuu cha Yale aliiweka Operesheni Vijiji pamoja na mipango mingine mikubwa ya dola iliyoshindwa duniani, na akaonyesha inachofanana nayo: dola hupenda nchi iliyopangwa kwa mistari iliyonyooka kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri kutoka juu, na hudharau ujuzi wa mtu aliyeishi hapo. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Usichoweza kusema ni kwamba maarifa hayo ni anasa. Yangekuwapo mwaka 1973 ndani ya vichwa vya maofisa tarafa wa kutosha, na yangesikilizwa, kuna watoto ambao hawangelala njaa.

Kwa hiyo tusiwagombanishe mhandisi na msomi wa siasa. Mradi wa maji hufa kwa pampu mbovu, na hufa pia kwa kamati isiyoitisha mkutano, kwa mkandarasi aliyepatikana kwa njia za gizani, kwa diwani anayeogopa kuuliza. Mwalimu alitufundisha kuwa kupanga ni kuchagua. Anayechagua kwa niaba yetu lazima awepo wa kumuuliza kwa nini amechagua hivyo.

Kinachopaswa kufundishwa

Lengo likishakuwa wazi, namna ya kufundisha nayo inajitengeneza. Chukua mfano wa Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Rais Ali Hassan Mwinyi aliiunda mwaka 1991 ikusanye maoni kuhusu mfumo wa vyama. Karibu wanane katika kila 10 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wa hao walitaka kirekebishwe. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mwanafunzi anaweza kuyakariri hayo kutoka kwenye desa, yaani muhtasari wa mihadhara, na akafaulu mtihani. Anayejifunza kweli ataanza kuhangaika. Watu waliulizwaje, na mbele ya nani, katika nchi iliyokuwa na chama kimoja kisheria tangu 1965? Haki ya wawili kuunda chama chao inategemea ruhusa ya wanane? Kama Tume ilikuwa sahihi kutofuata wengi safari ile, tutajuaje siku nyingine ambapo viongozi wanatumia hoja hiyo hiyo kutupuuza? Hakuna jibu la mstari mmoja, na mwalimu mzuri halitoi. Anamlazimisha mwanafunzi kuchagua upande, kuutetea kwa ushahidi, kisha wiki inayofuata autetee upande wa pili kwa nguvu ile ile.

Hapo ndipo linapoingia swali la mwalimu kuwa na upande. Max Weber, akizungumza na wanafunzi mjini Munich mwaka 1917, alionya kuwa kiongozi wa kisiasa asitafutwe kwenye meza ya mhadhiri, kwa sababu hapo wasikilizaji hawana nafasi ya kumjibu. Naukubali uzito wa onyo hilo. Lakini Afrika Mashariki ilipata dawa yake yenyewe. Mwaka 1970 Mazrui na Rodney walikabiliana hadharani pale Makerere, mmoja akitetea mtazamo wa kiliberali na mwingine wa Kimarx, mbele ya ukumbi uliojaa. Walimu wote wawili walikuwa na upande na hawakuuficha. Wanafunzi walilindwa na kule kuwapo kwa wote wawili. Idara ya siasa yenye mawazo ya aina moja, yawe ya chama tawala, ya upinzani au ya wafadhili, haiwezi kufanya kazi hiyo hata ikiwa na maprofesa 50.

Lazima pia nizungumzie ugonjwa wa sasa. Vijana wengi wanaoingia kozi hii wameona njia ya mkato: uteuzi. Wameona kuwa anayesifia kwa sauti kubwa mtandaoni anaitwa, na anayeuliza anasahauliwa. Jamii imewapa jina wanaoishi hivyo, inawaita chawa, na baadhi yao wamelipokea kwa fahari. Kijana anayefanya hivyo ana njaa, na sitaki kumtukana. Nataka kumwambia kwamba ameuza kwa bei ya chini kitu cha thamani kubwa. Nchi inao wasifiaji wa kutosha ambao hawakuhitaji chuo. Ilimlipia yeye ili apatikane mtu wa kusema kwa adabu na kwa ushahidi kuwa mpango huu utashindwa, na sababu ni hizi.

Kazi za heshima kwa mtu wa namna hiyo zipo, na nyingi ziko chini kabisa. Mtendaji wa kata. Ofisa tarafa. Ofisa utumishi wa halmashauri. Mwandishi wa habari za Bunge. Mtumishi wa asasi inayofuatilia bajeti. Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Siku mwekezaji anapofika na gari tatu na barua kutoka mkoani, maneno hayo yote yanamtegemea mtu mmoja aliyeketi kwenye meza ya mbao ofisini. Akiwa ameielewa siasa, ataitisha mkutano, atasoma barua kwa sauti, atawaeleza watu haki yao na atasubiri uamuzi wao. Akiwa amesomea cheti tu, atatafuta muhuri.

Lugha na wenye nchi

Hapa tunafika kwenye jambo linalowagusa wasomaji wa Kiswahili zaidi ya wengine. Siasa ya Tanzania inafanyika kwa Kiswahili: Bungeni, kwenye kampeni, kwenye kikao cha kijiji, kwenye kijiwe cha kahawa. Hotuba ya bajeti inasomwa kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria inaelekeza kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Siasa ya darasani inasomwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Matokeo yake tunao wahitimu wanaoandika vizuri kuhusu mgawanyo wa madaraka, lakini wakisimama mbele ya wazazi wao wanapwaya. Wanaongea nusu kwa nusu, na msikilizaji anaondoka akidhani kuwa jambo lenyewe ni gumu kupita uwezo wake.

Kiingereza kibaki, kwa sababu maktaba ya dunia ni kubwa na hatupaswi kujifungia nje. Lakini maneno tunayo: dola, mihimili, uwakilishi, ridhaa, uwajibikaji, utawala wa sheria. Idara ya Kiswahili ya Mlimani imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu 1970, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kuwa elimu ya juu haibebeki katika lugha hii.

Kenya ilituonyesha mwaka 2024 nini hutokea watu wanapoelezwa. Muswada wa Fedha ulisomwa na vijana kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili na lugha za nyumbani katika video fupi za simu, hadi muuza mboga akajua kodi ipi ingemgusa wapi. Juni 25 waandamanaji waliingia hadi Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini. Vijana waliuawa, na damu hiyo haipaswi kupambwa kwa maneno. Lakini kazi ya kuusoma muswada na kuueleza ndiyo hasa kazi ya idara za siasa, na ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa nje ya idara hizo. Wahadhiri wetu, pande zote za mpaka, wajiulize kwa nini.

Napendekeza mambo manne. La kwanza, kila mwanafunzi wa siasa asome nyaraka zenyewe badala ya madesa: Katiba, bajeti ya halmashauri ya kwao, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kwa mujibu wa Ibara ya 143 lazima ifike Bungeni. Ajifunze na hesabu za kutosha kujua tarakimu inaposema kweli na inapoficha. La pili, fildi yake, yaani mafunzo kwa vitendo, aifanye pia kwenye mikutano mikuu ya vijiji na mitaa, na taarifa atakayoandika irudi huko kwa Kiswahili. La tatu, mwaka wa mwisho atetee insha moja kwa Kiswahili mbele ya wahadhiri na wananchi wa kawaida, na maswali yao yahesabiwe katika alama. La nne ni la serikali: mhadhiri anayetoa hoja kwa ushahidi alindwe, hata hoja ikichoma. Mwalimu mwenye hofu hufundisha hofu.

Tunayahitaji haya mapema kuliko tunavyodhani. Tume ya Jaji Joseph Warioba, ambamo marehemu Profesa Mwesiga Baregu, mwalimu wa siasa, alikuwa mjumbe, ilikabidhi rasimu yake ya pili ya Katiba mpya Desemba 30, 2013, ikipendekeza Muungano wa serikali tatu. Bunge Maalumu likaja na Katiba Inayopendekezwa ya serikali mbili Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Mjadala huo haujafa, na siku utakaporudi, mwananchi wa Nachingwea, Bara, na wa Makunduchi, Zanzibar, atahitaji mtu wa kumweleza serikali mbili na serikali tatu zinatofautiana nini kwa gharama, kwa mamlaka na kwa haki zake, bila kumdanganya na bila kumchagulia. Mtu huyo anapaswa kuwa darasani leo. Tusipomwandaa, watakaoeleza watakuwa wenye vyama peke yao, na wananchi wataitwa kupiga kura juu ya nchi yao wenyewe kwa kusikiliza nani amepaza sauti zaidi.